Upinde wa kwanza wa mtoto: tusikatae kwa hofu, tusinunue kwa haraka

Kalemie – Maoni ya mwandishi wetu

Leo sitazungumza bei ya unga wa muhogo wala hali ya barabara ya Nyunzu. Nitazungumza upinde. Najua wengine watashangaa na kuuliza kama habari zimekwisha. Hazijakwisha. Lakini neno hili linaleta mabishano katika familia zenye watu huku na huko, na mabishano hayo yanagusa feza ya chakula, kwa hiyo ni vema tuliseme wazi.

Mambo yako hivi. Ndugu zetu wengi, zaidi wale wa Fizi na Uvira, walikimbia vita wakavuka ziwa mpaka kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1996. Wakakaa kule miaka mingi. Kisha wengine wakapelekwa Marekani, na sehemu yao wakaangukia jimbo la Kentucky, katika miji ya Louisville na Lexington, ambako leo Kiswahili chetu kinasikika madukani na makanisani. Watoto wao wanasoma kule. Na katika shule za Kentucky kupiga shabaha kwa upinde ni mchezo wa shule, kama mpira ulivyo kwetu. Mpango huo ulianza mwaka 2002 na shule 21 za jimbo hilo, kisha ukaenea majimbo mengine na mpaka nchi za mbali.

Basi mtoto anarudi nyumbani na karatasi ya kusainiwa: mzazi anakubali mtoto acheze upinde? Baba anaangalia karatasi, anashika simu, anaita mkubwa wa familia huku Kalemie ao Baraka. Mkubwa anasikia neno "upinde" na anasema hapana. Ao kinyume chake: mtoto amekwisha kuonja mchezo, sasa anataka upinde wake mwenyewe, ule wa kisasa wenye vigurudumu, na feza iliyokuwa itumwe kwa bibi yake kambini inaanza kutazamwa kwa jicho lingine.

Mimi nasema mambo matatu. Mzazi asikatae mchezo. Mwaka wa kwanza asinunue upinde. Na siku akinunua, auchague kwa kipimo cha mwili wa mtoto, si kwa sifa za duka.

Hofu yetu ina sababu

Sitawacheka wazee wenye kukataa. Hapa Tanganyika tunajua mshale ni nini. Katika ugomvi wa Watwa na Waluba, kuanzia mwaka 2013 mpaka 2017, watu walikufa kwa mishale, vijiji vikaungua, na wengi wenye kunisikiliza leo wakaacha mashamba yao upande wa Manono, Kabalo na Nyunzu. Ituri pia iliona mishale na mapanga katika vita vyake. Mama aliyebeba mtoto mgongoni akikimbia mishale, ukimwambia kwamba mjukuu wake anafundishwa upinde shuleni, moyo wake utaruka. Ni haki yake.

Lakini tumweleze vizuri kinachofanyika kule, maana hofu inapungua pale mtu anapoelewa. Watoto wanasimama kwenye mstari mmoja, wote wanaangalia upande mmoja, na mwalimu anaongoza kwa filimbi. Filimbi mbili: chukueni upinde, njooni kwenye mstari. Filimbi moja: pigeni. Filimbi tatu: upinde umekwisha kuwekwa chini, sasa nendeni kuchukua mishale. Filimbi tano ao zaidi: simameni mara moja, kuna hatari. Hakuna mtoto anayevuka mstari kabla wote hawajamaliza. Wanapiga kwa mita 10 na mita 15, shabaha ina upana wa sentimita 80, na nyuma yake kuna kizuizi cha kukamata mishale iliyopotea.

Angalieni vizuri: huko kumngoja mwenzako, kutii filimbi na kuweka chini kitu chenye hatari kabla ya kwenda mbele, ndiyo mambo tuliyokosa huku kwetu. Mtoto aliyezaliwa kambini akijifunza kwamba mshale una mahali pake, saa yake na sheria yake, sioni amepotea njia. Naona amepata fundisho ambalo sisi wakubwa tunalihitaji.

Tena kuna haki katika mchezo huo. Katika mashindano ya shule wote wanatumia upinde wa aina moja, Genesis, na mishale ya aina moja ya aluminiumu. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mkimbizi wanashika kitu kilekile. Hakuna kifaa cha kulengea, hakuna kifaa cha kuachilia kamba. Ni vidole, macho na utulivu. Mshindi anatoka kwa mazoezi, si kwa mfuko wa baba.

Upinde huu ni wa namna gani?

Upinde tunaoujua sisi, kama ule wa wawindaji wa msitu wa Ituri, ni mti mmoja na kamba moja. Ukivuta kidogo ni mwepesi, ukiendelea unakuwa mzito, na uzito wote unaukuta mwishoni, pale unapotaka kutulia na kulenga.

Upinde wa kompaundi unageuza jambo hilo. Uliundwa na Holless Wilbur Allen, mtu wa Missouri kule Marekani, aliyeomba hati ya uvumbuzi mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969. Kwenye ncha mbili za upinde aliweka vigurudumu ambavyo havizunguki sawasawa, vikiwa na kamba za kuviunganisha. Ukivuta, unakutana na uzito mkubwa katikati ya njia. Ukifika mwisho, vigurudumu vinageuka na uzito unaanguka. Upinde wa pauni 50, yaani karibu kilo 23, ukiwa umepunguza asilimia 80, unakubakizia mkononi pauni 10 tu, kilo nne na nusu. Unaweza kutulia, kupumua na kulenga.

Hapo ndipo wanaoanza wanadanganyika. Muuzaji anasema: "Ni mwepesi, ona, unaushika bila shida." Ni kweli ukiwa umefika mwisho. Lakini kabla ya kufika mwisho bega la mtoto limepita katika kilo zote 23, na atapita humo mara 50 ao 100 kwa siku ya mazoezi. Hivyo ndivyo mabega yanavyoumia, na hivyo ndivyo mtoto anavyojifunza kuvuta kwa kujikunja, na kuondoa tabia hiyo baadaye ni kazi ngumu.

Upinde wa Genesis wa shule una vigurudumu pia, lakini umetengenezwa bila kule kupungua kwa uzito. Unavutwa kwa pauni 10 mpaka 20, na kwa kuwa hauna mahali pa kusimama, unamfaa mtoto mfupi na mtoto mrefu bila kubadilisha kitu. Kwa sababu hiyo shule moja inaweza kufundisha mamia ya watoto kwa pinde chache.

Na kwa sababu hiyo nasema mwaka wa kwanza usinunue. Upinde uko shuleni, mwalimu yuko, shabaha iko. Ukinunua mwingine wenye kifaa cha kulengea na kupungua kwa uzito, mtoto hataweza kuutumia katika mashindano ya shule yake, maana hauruhusiwi. Utakuwa umetoa mamia ya dola kwa kitu cha kuning'inia ukutani. Ngoja kwanza uone kama mtoto anaupenda mchezo kweli, ao anapenda tu kwa kuwa rafiki yake yumo.

Siku ya kununua ikifika

Tuseme mwaka umepita, mtoto bado anauliza, na ameingia katika klabu nje ya shule. Hapo sasa tuzungumze namna ya kuchagua. Wazee walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake, na upinde wa kompaundi ndivyo ulivyo: unatengenezwa ufuate mwili wa mtu mmoja. Usinunuliwe kama zawadi ya kushtukiza. Mtoto aende mwenyewe.

Anza na jicho, si mkono. Mtoto anyooshe mikono mbele, aache tundu dogo kati ya viganja, aangalie kupitia tundu hilo kitu kilicho mbali, macho yote mawili wazi. Kisha afumbe jicho moja moja. Jicho ambalo bado linaona kile kitu ndilo lenye kuongoza. Likiwa la kuume, achukue upinde wa kuume, yaani anaushika kwa mkono wa kushoto na kuvuta kwa wa kuume. Likiwa la kushoto, kinyume chake. Watu wengi wanasahau jambo hilo, na upinde wa kompaundi wa kuume hauwezi kugeuzwa uwe wa kushoto.

Pili, urefu wa mvuto. Mtoto asimame, anyooshe mikono pande mbili, upime kutoka ncha ya kidole kirefu mpaka ncha ya kingine. Gawanya kwa mbili na nusu. Mwenye sentimita 160 atapata 64, ambayo ni kama inchi 25. Hicho ni kipimo cha kuanzia; fundi wa duka atakirekebisha akimwona mtoto amesimama. Urefu ukizidi, utamwona anaegemea nyuma na kamba inampiga mkono. Kwa kuwa mtoto anakua, tafuta upinde unaorekebishwa kwa sehemu kubwa. Iko iliyotengenezwa kwa wanaoanza, inayoongezwa kutoka pauni chache mpaka 70, na urefu wake unabadilishwa bila kununua vigurudumu vipya. Upinde mmoja wa namna hiyo unaweza kumfuata mtu tangu utoto mpaka awe mtu mzima.

Tatu, uzito. Hapa nawasihi akina baba: acheni kiburi. Mtoto wa miaka 10 ao 12 aanze kati ya pauni 10 na 20. Kijana mkubwa ao mama, 25 mpaka 35 inatosha. Mwanaume mwenye nguvu, 40 ni nyingi kwa kuanza. Hata mabingwa wa dunia, wanaopiga kwa mita 50, sheria haiwaruhusu kuvuka pauni 60. Njia ya kujua ni hii: mtoto akae kwenye kiti, avute upinde polepole akiuelekeza kwenye shabaha, mshale ukiwa ndani. Akilazimika kuuinua juu kuelekea mbinguni ili apate nguvu, upinde ni mzito. Punguza.

Nne, urefu wa upinde wenyewe. Mifupi, yenye kama sentimita 76 kati ya gurudumu na gurudumu, wawindaji wanaipenda kwa kuwa inapita vichakani. Kwa mtu anayejifunza, mrefu zaidi kidogo unatulia mkononi na unasamehe makosa. Pia usitafute ule unaosifiwa kwa mwendo mkali wa mshale. Shabaha ya karatasi haikimbii.

Tano, mishale. Watu wanatoa feza yote kwa upinde, kisha wanachukua mishale yoyote. Hapo kuna hatari kubwa. Mshale mwepesi mno unafanya upinde ujipige wenyewe. Kanuni inayojulikana ni angalau greini 5 kwa kila pauni ya uzito wa mvuto. Kwa upinde wa pauni 40, mshale usiwe chini ya greini 200, yaani gramu 13 hivi. Mshale mfupi mno nao unaweza kuanguka nyuma ya kishikio chake na kuingia mkononi. Kwa anayeanza, mrefu kidogo ni salama zaidi. Mshale wa kaboni uukunje taratibu kabla ya kuupiga. Ukisikia mlio wa kupasuka, uvunje na uutupe.

Na kuna sheria isiyo na mjadala: usivute na kuachilia kamba bila mshale. Nguvu iliyotakiwa kwenda na mshale inarudi ndani ya upinde, na mikono yake inaweza kupasuka ao kamba ikaruka usoni. Watoto wanapenda kujaribu wakiwa sebuleni. Mwambie mapema.

Uliotumika si aibu

Upinde wa mkono wa pili unaweza kuwa mzuri kwa nusu ya bei, ao chini. Pitisha kidole na pamba kwenye mikono yake. Pamba ikinasa, kuna mpasuko, achana nao. Angalia vigurudumu kama vimenyooka. Angalia kamba: ikiwa na nyuzi zilizosimama kama manyoya, itabadilishwa, na gharama hiyo uihesabu, maana kamba za kompaundi hazibadilishwi kwa mikono nyumbani, zinahitaji mashine ya kubana upinde, na iko dukani. Hesabu pia mishale, kinga ya mkono, sanduku na ada ya klabu. Mtu mwenye dola 300 asinunue upinde wa dola 300.

Kuna jambo lingine kwa wazazi wa Louisville na Lexington. Mtoto asitembee barabarani na upinde mkononi, wala asipige nyuma ya nyumba kabla hamjauliza sheria ya mji. Uende ndani ya sanduku, kutoka nyumbani mpaka uwanjani, na urudi vilevile. Sisi tunajua jinsi mtu anavyoweza kuhukumiwa kwa kitu alichobeba kabla hajaulizwa jina.

Feza ya bibi na upinde wa mjukuu

Sasa nije kwenye kidonda. Mama mmoja mhami hapa Kalemie aliniambia: "Wanasema mwezi huu hawatume, mtoto anahitaji vifaa vya mchezo. Mimi nitakula mchezo?" Sikuweza kumjibu upesi. Dola 50 zinazokuja kila mwezi ni unga, ni mafuta, ni dawa ya malaria.

Maoni yangu ni haya. Familia ya kule isikate feza ya chakula kwa ajili ya upinde; kama mchezo wa shule unamfaa mtoto bila kununua kitu, hakuna haraka. Mtoto mwenyewe akiambiwa ukweli ataelewa, na akiweka akiba kidogo kidogo kwa mwaka mzima, ataufurahia zaidi. Lakini sisi wa huku nasi tusiseme kila dola ya mtoto wa Marekani ni yetu. Wale watoto wana maisha yao ya kujenga, katika nchi ambako wengi wao ni wageni wasio na marafiki. Timu ya shule inawapa marafiki. Hiyo pia ni aina ya chakula.

Kwa vijana wa hapa wanaoomba ndugu zao wawatumie upinde wa namna hiyo, jibu langu ni fupi: hapana, si sasa. Eneo letu bado lina makundi yenye kubeba silaha. Kijana mhami akikutwa kwenye bariyere na upinde wa vigurudumu, hakuna askari atakayesikiliza habari za michezo. Mpira ni salama zaidi, tucheze mpira kwanza.

Hata hivyo sitaki mfikiri mchezo huu si wetu kamwe. Vita vimewaacha wengi kati yetu bila mkono ao mguu. Matt Stutzman wa Marekani alizaliwa bila mikono. Anashika upinde wa kompaundi kwa mguu, na mwaka 2024 huko Paris alichukua dhahabu ya Paralimpiki. Katika michezo ileile Sheetal Devi wa India, msichana wa miaka 17, naye bila mikono, alichukua shaba pamoja na mwenzake Rakesh Kumar. Na mwaka 2028 kule Los Angeles, upinde wa kompaundi utaingia kwa mara ya kwanza katika Olimpiki, kwa timu ya mwanaume na mwanamke. Siku amani itakapokaa Tanganyika na Kivu, ningependa kuona watoto wetu, wenye mikono na wasio nayo, wamesimama kwenye mstari mmoja wakingoja filimbi.

Kwa sasa, mzazi aliye Kentucky na karatasi mezani: saini. Mwache mtoto ajifunze kwa upinde wa shule. Mwakani, kama bado anaupenda, pima mikono yake, jua jicho lake, chagua uzito mdogo, kisha umweleze bibi yake kwa simu mtoto anafanya nini na kwa sababu gani. Bibi akielezwa na mjukuu mwenyewe, kwa Kiswahili, atasikia kitu kingine kuliko neno "upinde" peke yake.

Na wewe msomaji, ao wewe unayesikiliza kambini, unaonaje? Familia yenu ilikubali ao ilikataa? Tuandikie, ao mtafute mwandishi wetu akipita kwenye kambi yenu.